Kutazama Tu

Kila mwanafunzi atakayeitaja taaluma yenye leseni atashikwa mkono na mtaalamu mwenye leseni, tangu siku ya kuitaja hadi siku ya kukabidhiwa leseni yake mwenyewe, na hakuna hata mmoja atakayeachwa njiani. Maneno haya hayakuokotwa kijiweni. Yalitamkwa na mgeni rasmi katika ukumbi mmoja pale Ifakara, akiwa amesimama, miwani mkononi, na alipofika kwenye "hata mmoja" aliinua kidole ili mtu asije akadhani ni wawili. Alipigiwa makofi ya kilo. Mpango ulipewa jina, Shika Mkono, halafu ukapewa fulana.

Oliva alikaa kiti cha nyuma kabisa, akipigana na usingizi. Alikuwa muuguzi mkunga katika kituo cha afya mjini, na aliteuliwa kuwa mlezi wa taaluma kwa sababu isiyopingika: siku majina yalipotakiwa, wenzake wote walikuwa wodini, yeye ndiyo kwanza ametoka zamu, ameshika mkoba wake mlangoni, na mganga mfawidhi akaona kwamba huyu ndiye pekee asiye na shughuli.

Yeye mwenyewe hakushikwa mkono na mtu. Wazazi wake walikuwa wakulima walioshuka kutoka upande wa Mahenge kufuata mpunga, na alipomaliza kidato cha nne hakuna aliyemuuliza anataka kuwa nani. Jumapili moja padre alisoma tangazo la nafasi za uuguzi baada ya misa, mama yake akamkanyaga mguu, naye akasimama. Ushauri wote wa taaluma aliowahi kuupata ulikuwa huo mguu. Miaka mingi baadaye, akiwa na nyumba yake katika mtaa wa Viwanja Sitini aliyoijenga chumba kimoja kimoja kadiri mshahara ulivyoruhusu, alikuwa bado hajaamua kama anaipenda kazi hiyo. Alichojua ni kwamba anaiweza.

Na jambo moja lilikuwa limemkaa rohoni. Zamani kidogo, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo alisimama kitandani pa mama mjamzito akasema kwa sauti, kwa nia njema kabisa, kwamba mtoto amekaa vibaya. Ndugu wa yule mama walisikia. Hawakungoja maelezo, walimfungasha wakampeleka kwa mtaalamu mwingine, wa mizizi, ng'ambo ya Kivukoni, na alipokuja kurudishwa kituoni hapakuwa na la kufanya. Tangu siku hiyo Oliva hakumwogopa mwanafunzi asiyejua. Alimwogopa mwanafunzi anayesema.

Aliyekabidhiwa kwake aliitwa Aurelia, msichana wa kidato cha nne kutoka kijiji cha Mbingu, mwembamba, mkimya, aliyeandika "uuguzi" kwenye nafasi ya chaguo la kwanza na la pili na la tatu. Mpango ulimpa koti jeupe. Kifuani palishonwa maneno "Mtaalamu wa Kesho". "Mtaalamu" kwa herufi kubwa, na "wa Kesho" kwa herufi za kiasi. Jumamosi ya kwanza Oliva alimfunga vifungo vya koti hilo kama mtu anayemvisha mtoto sare ya chekechea, akamweleza kanuni.

"Ukiwa ndani ya koti hili wewe ni macho. Unatazama tu. Mtu akikuuliza, nyamaza, nitajibu mimi."

"Na nikiona kitu, Sista?"

"Ukiona, umeona."

Aurelia alikuwa mwanafunzi wa kanuni. Alisimama pembeni ya kitanda kama stendi ya dripu, hakugusa, hakutia neno, hata wazee wenye mvi walipompita koridoni wakimwambia "shikamoo, daktari" alibaki ameinamisha kichwa kwa mateso makubwa, kwa sababu kanuni ya kunyamaza ilimkataza kusema yeye si daktari, na adabu ya kwao ilimkataza kuitikia marahaba. Maswali yake aliyaweka mpaka saa ya chai. Hapo, koti likiwa limetundikwa msumarini, aliyamwaga yote. Kwa nini Sista humsalimia mama kabla hajamtazama mtoto? Kwa nini mtoto anayelia humweka kwenye foleni, na aliyenyamaza humpitisha mbele? Oliva alimjibu kwamba anayelia ana nguvu ya kulia. Msichana alitafuna andazi lake polepole, akilihifadhi hilo jibu mahali.

Baada ya miezi michache, Oliva alijikuta anaingoja Jumamosi. Hakumwambia mtu. Lakini aliacha kubadilishana zamu za siku hiyo, na pale kituoni hilo lilikuwa tangazo tosha. Wenzake walimtania kwamba amepata mtoto bila uchungu.

Kisha ikaja likizo fupi ya Aprili. Mratibu wa mpango, Bwana Pantaleo, kijana wa suti aliyekuwa akizungumza na wanafunzi kupitia kundi la WhatsApp kana kwamba wote wana vocha, aliagiza kila mmoja aende na koti lake nyumbani, alivae mbele ya jamii na kutuma picha, kwa ajili ya kuhamasisha. Kwa hiyo Aurelia alikwenda na koti. Tatizo ni kwamba Aprili kwa watu wa Mbingu jamii haipo nyumbani. Mpunga unatia punje, kweleakwelea wanashuka kama wingu, na watu wamehamia mashambani, mbali, kila familia kwenye dungu lake, kile kibanda cha juu ya miti ambamo mtu hushinda akipiga debe na kurusha udongo kuamia ndege. Aurelia alimfuata bibi yake huko. Siku moja alilivaa koti, akapanda dunguni, bibi akampiga picha, na bonde zima likajua kwamba bibi fulani ana mjukuu daktari.

Yaliyofuata Oliva aliyasikia kwanza kutoka kwa mtu mwingine. Ilikuwa asubuhi, kituo kimejaa, na bodaboda moja ikaingia hadi barazani ikiwa na mwanamume mrefu wa Kisukuma, mfugaji na mkulima, na nyuma yake mkewe aliyekumbatia mtoto wa kiume wa miaka minne hivi. Mtoto alikuwa kimya. Oliva alimpitisha mbele. Macho yalikuwa wazi, hayamfuati mtu. Mwili ulikuwa moto, shingo imelegea. Walipima, ilikuwa malaria, ile iliyopanda kichwani. Alimtundikia dripu, akamwanzishia sindano, akaagiza gari la wagonjwa kwa ajili ya rufaa ya hospitali kubwa, na gari likiwa linatafutiwa dereva alimgeukia baba, aliyeitwa Mashimba, akamuuliza kwa nini wamekaa na mtoto hadi kufikia hapo.

Mashimba alishangaa kuulizwa. Alimwita Oliva "Mayu", yaani mama, kwa heshima ya kwao.

"Mayu, daktari alimwona. Juzi, degedege lilipomshika mara ya kwanza, tulimwita daktari wa dungu la jirani, akaja. Alikaa naye mpaka jua likashuka. Alimtazama sana. Hakusema kitu, tukajua siyo kubwa."

"Daktari gani?"

"Wa kwako. Bibi yake alisema ni wa kwako."

Oliva aliendelea kushikilia chupa ya dripu. Mtu aliyekuwa karibu anasema hakubadilika hata uso, ila alirudia kuhesabu matone mara kadhaa, kazi ambayo kwa kawaida huifanya mara moja.

Mtoto alipona, kwa maana ambayo hospitali hulitumia neno hilo. Aliruhusiwa baada ya wiki kadhaa. Anatembea, anakula, anacheza na ndama. Akiitwa jina lake, hageuki.

Jumamosi ya kwanza baada ya likizo Aurelia hakuja kituoni. Oliva alipanda gari la kwenda Mlimba, akashuka Mbingu, akamkuta amesharudi kutoka shambani, yuko uani anapepeta mchele. Koti lilikuwa kwenye kamba, limefuliwa. Msichana alimwamkia kama kawaida, akaleta kigoda, akaendelea na ungo wake. Walizungumzia mvua. Walizungumzia bei ya mchele, ambayo haikuwa nzuri. Mwishowe Oliva alimuuliza kwa nini hakuwaambia wamkimbize mtoto.

"Uliniambia nisiseme."

"Nilikuambia kituoni, mwanangu."

"Hukusema kituoni, Sista. Ulisema nikiwa ndani ya koti." Aurelia aliuweka ungo chini. "Nilijua. Alikuwa amenyamaza, na wewe ulinifundisha aliyenyamaza anapita mbele. Nikafungua mdomo, nikaona nimevaa koti. Nikasema moyoni, Sista atajibu."

Oliva alisema kosa ni lake. Aurelia alisema hapana, Sista, kwa namna ile watoto waliolelewa vizuri wanavyosema hapana, ambayo haimwondolei mtu chochote.

Alirudi mjini na nia moja: msichana asipotee. Aliogopa mpango utamfukuza, jina lake litakwenda na doa, na chuo chochote cha uuguzi kitakachoulizia kitaambiwa huyu alijifanya daktari. Kwa hiyo aliomba kikao. Kamati ilikaa, maji ya chupa yakagawiwa, na Oliva akasimama akaeleza kila kitu bila kujipunguzia: kwamba kanuni ilikuwa yake, kwamba aliifunga kwenye koti badala ya kuifunga kwenye wodi, kwamba hakumfundisha msichana neno moja tu alilolihitaji, "mkimbizeni". Alisema kama kuna wa kuadhibiwa ni yeye, na kama lazima mtu aandikwe kwa baraza linalotoa leseni, aandikwe yeye.

Bwana Pantaleo alimsikiliza kwa makini, kisha akafungua mwongozo. Alisoma kifungu kinachosema mwanafunzi hatatoa ushauri wa kitabibu popote. Akauliza: msichana alitoa ushauri? Hakutoa. Aligusa? Hakugusa. Basi, alisema, akiufunga mwongozo, hapa hakuna kosa. Kwa kweli huyu ndiye mwanafunzi pekee ambaye tuna ushahidi kwamba ameuzingatia mwongozo hata akiwa shambani.

"Na mtoto?" Oliva aliuliza.

"Mtoto hayumo kwenye mpango, Sista."

Kamati iliazimia mambo mawili. Makoti yaachwe shuleni wakati wa likizo. Na mwanafunzi Aurelia apewe cheti cha nidhamu.

Ingeweza kuishia hapo, na pengine msichana angerudi, maana adhabu aliyokuwa akiingoja haikuja. Kilichokuja ni Mashimba. Siku moja alifika Mbingu na kibuyu cha maziwa mgando na jogoo aliyefungwa miguu, akauliza nyumba ya daktari, akaelekezwa. Hakuja kulaumu. Alikuja kushukuru, kwa sababu kwao mtu akikaa na mgonjwa wako tangu adhuhuri hadi jua kushuka, bila kudai kitu, huwezi kumwacha hivi hivi. Alimwambia Aurelia kwamba mkewe hajasahau jinsi alivyotulia. Kwamba kama si utulivu wake wangechanganyikiwa na kuanza kukimbia ovyo usiku. Aurelia alipokea kibuyu kwa mikono miwili, akapiga goti. Bibi yake anasema jogoo alilia siku nzima na hakuna aliyethubutu kumchinja.

Oliva alikwenda tena kabla ya mtihani. Hakwenda mikono mitupu; alimchukulia vitabu vyake vya chuo, vile vilivyokuwa vimeanza kuachia jalada. Alimweleza kwamba hata yeye ana mtu aliyempoteza kwa neno la mwanafunzi wake, na sasa ana mwingine kwa kimya cha mwanafunzi wake, na kesho lazima aende kazini, na ndiyo kazi ilivyo. Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa, na alipoimaliza alijua haikumsaidia yeyote.

"Nimebadilisha, Sista," Aurelia alisema. "Nitakwenda kwa shangazi, kushona. Nikikosea, nafumua."

Alimsindikiza hadi barabarani, akimbebea mkoba, akasimama naye mpaka gari lilipotokea. Vitabu alivirudisha, vimefungwa kwa khanga.

Mpango wa Shika Mkono uliendelea vizuri. Kwenye taarifa ya mwaka ulionekana umewafikia wanafunzi wote waliokusudiwa, na picha iliyowekwa kwenye jalada ni ya msichana juu ya dungu, koti jeupe, mpunga umejaa nyuma yake. Kwa wauguzi, kulea mwanafunzi huhesabiwa kuwa mafunzo kazini, na mafunzo hayo yana alama zake. Mwezi wa Januari leseni ya Oliva ilihuishwa kwa alama alizopata kwa Aurelia.