Unaoa au Unanunua Mayai?

Bado nangoja simu ya Saidi, anitukane kama kawaida. Jana tumemzika hapa Lionja, lakini akili imegoma kupokea.

Kwa msiomjua: Saidi ni mtoto wa shangazi yangu. Binamu, yaani mtani. Salamu yetu tangu utotoni ilikuwa ngumi ya bega, halafu ndiyo tunaulizana habari za nyumbani.

Miaka ya hamsini tulikuwa watoto wa Nachingwea ya matrekta ya karanga. Wazungu walishashindwa na hizo karanga, matrekta mabovu yakabaki porini, na sisi tukajifanya madereva. Siku moja Saidi alidondoka kutoka juu ya tairi, goti likapasuka. Nikatafuna jani la muhogo, nikambandika. Hatujafika nyumbani, damu ilishakauka. Nani alijua kuna kitu ndani ya damu cha kushukuru?

Tumekijua uzeeni. Kansa yake ilikuwa imeshasambaa, na dawa ya kemo ikawa inapunguza chembe sahani, zile zinazozuia damu mtu akijikata. Zikishuka sana, dozi inaahirishwa. Akisafisha meno, fizi zinatoka damu. Akijigonga kidogo tu mlangoni, mkono unavilia.

Basi akaanza maisha mapya. Mswaki wa mti akaacha, akanunua mswaki laini wa watoto, tena wa pinki! Panga alinyang'anywa. Viatu mpaka uani. Vidonge vya maumivu vya dukani, hagusi bila daktari kusema. Vijana wa hapa walipanda basi kwenda kumtolea damu, Mungu awalipe. Mimi nilikuwa naifunga ngumi yangu kwenye mto wa sufi ndipo nimsalimie.

"Siku hizi unapiga kama mwali," ananicheka.

Alikuwa anataka jambo moja tu: amwozeshe mjukuu wake Somoe kwa mkono wake mwenyewe. Baba wa binti alishafariki, walii ni yeye babu. Wiki ya harusi chembe zikashuka. Ndugu wakamwomba aweke wakili. Akagoma. "Naumwa, sijafa."

Akdi ya ndoa ilikuwa msikitini Ruangwa. Bwana harusi, Rashidi, ni fundi matofali wa Narung'ombe mwenye viganja kama koleo, na ukoo mzima ulikuwa umeshamwonya. Akaushika mkono wa babu kwa ncha za vidole. Saidi akamkazia macho.

"Wewe, unaoa au unanunua mayai? Shika mkono!"

Jamani! Msikiti mzima ulicheka. Rashidi akashika, na akdi ikapita.

Jioni alama nne za vidole zilikuwa zimevilia nyuma ya kiganja cha Saidi. Mimi niliogopa sana. Yeye anazionyesha kwa kila mgeni: "Tazama, mkwe ana nguvu. Somoe hatalala njaa."

Alama zilichukua muda, lakini zilifutika. Chembe zikapanda, akapata dozi nyingine, akala korosho za msimu mpya na akaishi kumwona Somoe akiwa mjamzito. Nyie mnaopambana sasa hivi, nunueni huo mswaki wa pinki, na harusi msikose.

Jana niliingia kaburini kumpokea. Nilipomlaza nikamgonga bega, ile ngumi yetu, bila mto.

Hukurudisha, mtani. Basi leo nimeshinda mimi, na sikuutaka ushindi huu. Lala, Saidi wangu. Hakuna kitakachokuvilia tena.