Breki na Kidonda Kisichouma

Kabla hajaitwa Breki alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka, na mkono wake ulisifika. Siku aliyoanguka alikuwa juu ya ngazi akimalizia herufi za duka la vitambaa. Ngazi iliteleza, akafikia mgongo kwenye ukingo wa baraza, na tangu hapo mwili wake kuanzia kiunoni kwenda chini ukawa kama wa mtu mwingine: anauona, anauvisha nguo, lakini haumwambii kitu.

Aliyemtoa ndani ni jamaa wa mguu mmoja aliyekutana naye hospitalini kwenye mazoezi ya viungo. Watu walimwita Nusu Bei, maana kila akinunua viatu alidai alipe nusu. Alimsumbua binti wa watu mpaka akakubali kwenda kujaribu mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu. Siku ya kwanza tu aligongwa, akapinduka na kiti chake, akalala sakafuni akisubiri kuinuliwa. Hakuja mtu. Mchezo uliendelea pembeni yake kana kwamba yeye ni gunia limeachwa njiani. Akajiinua kwa hasira, na hasira hiyo ndiyo iliyomrudisha kesho yake. Jina la Breki alilipata kwa sababu hakuwa nazo: akija na mpira, walinzi walimpisha wenyewe. Miaka ikapita, mabega yakajaa, akawa nahodha wa klabu, kisha timu ya taifa ya wanawake ikamwita.

Aliishi na dada yake mkubwa, fundi cherehani. Kila asubuhi, kabla hajakaa kwenye cherehani, dada alimkagua ngozi ya mgongo na makalio. Daktari alikuwa amewaonya wote wawili: asiyehisi akikaa sana hupata kidonda bila kujua, na kikishuka hadi mfupani kinaua.

Mashindano ya kufuzu yalipokaribia, Breki akaanza kujikagua mwenyewe kwa kioo. Alimwambia dada asijisumbue, wateja wanamsubiri. Ukweli ni kwamba alikuwa ameona doa jekundu chini ya kalio la kushoto, kubwa kama kifungo cha koti. Akajiambia ni joto la kiti. Akaongeza mto. Doa likageuka jeusi, kisha likafunguka.

Kuanzia hapo roho yake ikawa juu juu. Kidonda hakikumuuma hata kidogo, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Kingemuuma angalau angejua kimefika wapi. Mazoezini alifunga vikapu na kuwapigia wenzake kelele, huku akili yote iko chini ya suruali yake. Akinusa harufu yoyote, alijishuku. Kocha akimtazama mara mbili, alidhani ameshajua. Siku alipotetemeka kwa baridi wakati wenzake wanatiririka jasho, alisema hakulala vizuri. Umri ulikuwa unampa kisogo. Nafasi hii ikipita, hakuiona nyingine.

Dada aligundua alipokuwa akifua. Suruali ya mazoezi ilikuwa imelowa majimaji ya rangi ya kutu. Hakumuuliza mwenyewe. Aliacha beseni palepale, akafuta mikono, akaenda moja kwa moja kwa kocha kumwaga mtama.

Breki aliitwa pembeni, begi la safari likiwa limeshafungwa. Kocha akamwambia kwa upole kwamba hasafiri, na gari la hospitali liko njiani. Alibisha, akaapa, akafika mahali pa kusema dada yake anamwonea wivu, ingawa alijua ni uongo hata kabla hajalimaliza neno. Walimfanyia upasuaji siku hiyohiyo. Daktari alisema kidonda kilibakiza kidogo sana kugusa mfupa.

Alilala kifudifudi kwa muda mrefu, na muda wote huo hakumsemesha dada yake. Tabu ni kwamba aliyemwosha kidonda, aliyembadilishia bandeji, aliyemnywesha supu kwa mrija ni dada huyohuyo. Mmoja kanuna, mwingine anatia dawa.

Timu ilipocheza mechi ya kuamua, dada aliishika simu chini ya ukingo wa kitanda ili mgonjwa aone. Mkono ukichoka, alibadilisha mwingine. Wakafungwa kwa kikapu kimoja.

"Ningekuwepo tungeshinda," Breki akasema.

"Huenda," dada akajibu. "Lakini mimi sikuwa nawaza kombe, mdogo wangu. Nilikuwa nawaza nitamwambiaje mama kwamba nilikuona unaoza nikanyamaza."

Breki aliuficha uso kwenye mto. Kisha akasema bandeji imelegea upande wa kulia, na dada akainuka kuifunga.

Aliporudi uwanjani, jezi yake ya taifa ilikuwa imeshapata msichana mwingine. Akaanza upya klabuni. Mechi ya kwanza alicheza kwa tahadhari. Kila kiti kilipomgonga aliwaza kama kovu limeshika au limeachia. Nusu Bei akamtania kwamba hospitali imemfungia breki za kweli. Alicheka. Wakati wa mapumziko alimwita dada chumba cha kubadilishia nguo, akainama mbele, akafumba macho.

Dada hakuwa na haraka. Alipapasa, akawasha tochi ya simu, akatazama tena.

"Pazima," akasema. "Nenda."

Breki akavuta pumzi, akafunga mkanda wa kiti, akatoka.