Jina la Watanguti, na jina ambalo kwetu halikutajwa

Wakuu, poleni na mihangaiko. Haya yamenikuta mwenyewe, hapa Bredäng, Stockholm, na sijatia chumvi.

Mimi ni Mbukusu wa Bungoma, natengeneza fonti, yaani herufi za kompyuta, pale Kista. Mke wangu, Espérance, ni Mrundi. Binti yetu alikuwa na wiki kumi, hana jina, na huku lazima liandikishwe kabla ya miezi mitatu.

Tatizo ni kilio. Ziwa anakataa, uzito unashuka, nesi anasema haoni ugonjwa. Tuliogopa tutamzika, nisiwafiche.

Kwetu mtoto akilia hivyo, kuna marehemu anataka jina. Unataja waliotangulia mmoja mmoja mpaka anyamaze. Mama alinipa majina yote kwa simu. Wapi!

Mchana mmoja nilikuwa nyumbani nakagua maandishi ya Watanguti, watu wa kale wa kaskazini magharibi mwa China. Nikamsomea Espérance habari za jina lao.

Wenyewe walijiita Mi (msicheke). Watibeti waliwaita Minyak, Wachina Dangxiang. Inasemekana hiyo Dang ikaongezewa -ut, wingi wa Kimongolia, ikawa Tangut. Yaani tunawajua kwa jina la majirani!

Wamongolia nao waliita nchi ile Kashin. Mwana wa mfalme wao mwenye jina kama hilo akafa, likawa mwiko kutamkwa. Ndipo wakashika Tangut.

Espérance akauliza, "Na kwenu, kuna jina mlilokatazwa?"

Nilikuwa na dada, alijitoa uhai nikiwa darasa la sita. Kwetu aliyekufa hivyo harithiwi jina. Mama hakumtaja tena, na hata mke wangu sikuwahi kumwambia.

Nikasema polepole, "Nekesa."

Mtoto akanyamaza. Hakunitazama mimi. Alitazama kiti kitupu kando yangu, akatabasamu. Nywele zilinisimama, jamani! Kisha akanyonya, akanyonya, mpaka akalala.

Nilimpigia Mama, nikamweleza. Akalia.

"Siku ile ya mwisho nilimnyima chakula," akasema. "Sasa anakula?"

"Anakula, Mama."

"Basi mwandikishe."

Tumemwandikisha, na amenenepa. Nimejifunza kwamba kunyamazia jina la marehemu hakumtoi nyumbani. Ila bado naogopa, na kila akilala naenda kusikiliza kama anapumua.

Mliorithi majina ya namna hii, mnaishije? Nisemezeni, hata kama ni kunigombeza.