Pale Palipokwisha Kushiba

Mtoto wa kwanza wa Fidelia alizaliwa hakulia. Akina bibi wa ukoo wakamviringisha kwenye kitenge, wakatoka naye, mama mkwe wake Hulda akitangulia na jembe. Mama haonyeshwi kaburi la kichanga, walisema, asije akafunga kizazi. Haya! Hata alipompata binti yake Rebeka, Fidelia hakuacha kuuliza mwanawe wamemlaza wapi, na Hulda hakuacha kupepeta mahindi kama hajasikia. Roho ilimuuma Fidelia, acha tu.

Mwaka ule ruzuku ilikuwa imeshaondolewa na mbolea haishikiki. Fidelia alirudi kutoka duka la Mansoor, Makambako, na mfuko mmoja wa urea kwa shamba zima. Ndipo akaja Efraimu, bwana shamba kutoka Njombe mjini, na kimashine cha kubana jani la hindi. Kinapima ukijani, kinakwambia wapi pana njaa ya mbolea na wapi usiipoteze.

Ukungu ulikuwa bado umelala shambani. Efraimu akabana jani, akasoma, akasogea. Njaa. Njaa. Njaa tupu! Katikati ya shamba, pasipo na zizi wala jalala, akasimama.

"Hapa pameshiba, mama. Mnaweka nini?"

"Hatuweki kitu."

Akabana tena, akatikisa kichwa. Yalikuwa mashina machache tu, ya kijani cha kutisha, kwenye kipande kisichozidi urefu wa mkono. Pande zote njano. Fidelia akageuka. Hulda alikuwa nyuma yao ukunguni, hawakusikia hata hatua zake, na mkono mmoja ameufumba.

"Mama, umeshika nini?"

Bibi akafumbua kiganja. Chembe nyeupe za urea zilikuwa zimeanza kuyeyuka kwa jasho.

"Mtoto anakula, Mama Rebeka. Kila msimu nampa. Angekuwa hai ningemnyima?"

Fidelia akakaa palepale kwenye udongo. Akakumbuka yale mahindi ya kuchoma, ya kwanza kila mwaka, ambayo Hulda humletea yeye peke yake na kumsimamia mpaka amalize.

"Na yale unayonichomea, mama? Yanatoka wapi?"

"Ulikuwa unamlilia," Hulda akasema. "Kukuonyesha nimekatazwa. Nikawa nakuletea."

Efraimu alizima kimashine chake. Fidelia akakinga viganja viwili, na Hulda akammiminia ile urea.