Mwenyeji Aliyesubiri Kuaga wa Mwisho

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya kuku wa kukaanga, mwanangu. Nilikuwa nimeliacha beseni langu mlangoni mwa duka la intaneti la Rehema, pale Utemini, na paka alikuwa analinyemelea, nami sikuwa na nguvu ya kumfukuza. Jua lilikuwa utosini. Nilisimama mbele ya kompyuta kama mtu aliyefika msibani akakuta hata nyumba yenyewe haipo. Nilipoteza watu wengi kwa mpigo mmoja siku ile, na mpaka leo ukiniuliza walikwenda wapi, nitakuna kichwa tu.

Nikueleze tangu mwanzo, ila uwe na subira. Mimi nilisoma mpaka darasa la nne, na hadithi zangu zinatembea kama kuku, zinadonoa huku, zinarudi kule.

Ilikuwa kipindi ambacho kila kitu kimefunguliwa. Sisi tuliokua tukipanga foleni ya sabuni kwenye duka la ushirika, ghafla tukaona mabasi ya watu binafsi yamejaa stendi ya Singida, kila moja na rangi zake na honi yake. Mimi nilikuwa nakaa Unyambwa, nimeshaoa, nina watoto wawili, lakini akili ilikuwa bado ya ujana. Nilikuwa nauza kuku kwenye madirisha ya mabasi. Kazi ile ni ya kukimbia. Basi likisimama, unainua beseni juu ya kichwa, unapiga kelele, na huku mkono mmoja unapokea, mwingine unatoa. Na mimi nilikuwa na tabia moja, nauliza kila abiria, "Mmetoka wapi? Huko kukoje?" Wenzangu walikuwa wananicheka. "Wewe uza, acha kuhoji watu kama polisi!" Sikuacha. Nilipenda safari kuliko chakula, na mimi mwenyewe sikuwahi kuvuka Manyoni.

Rehema alikuwa mteja wangu. Dada mmoja mcheshi, mnene kidogo, ana kompyuta nne na kiti kimoja tu kizima, na hicho kizima alikikalia yeye. Siku moja nikampelekea kuku wake wa mchana nikamkuta anacheka peke yake. Nikauliza kuna nini. Akanionyesha ukurasa unaoitwa Kijiwe cha Safari. Watu wanaopenda kusafiri walikuwa wanakutana humo, wanaandika walikopita, basi gani lilichelewa, wapi kuna chai nzuri, mlima gani unatisha. Hakuna aliyekuwa na sura, kila mtu alijipachika jina.

"Na wewe ingia," Rehema akaniambia. "Mdomo huo unapotea bure hapo stendi."

"Mimi sijui kubonyeza hayo makitu."

"Wewe sema, mimi nabonyeza. Jina lako nani huku?"

Nikafikiri kidogo. Kila mtu katika nchi hii siku moja atapita Singida, anakwenda Mwanza au anatoka Dar. Nikasema, "Niandike Mwenyeji."

Basi nikawa Mwenyeji. Miaka tisa, mwanangu. Mtu akiandika kwamba kesho anapita Singida, namwandikia nenda salama, basi likisimama uliza kuku wa mbavu, usichukue wa mgongo. Walinipenda. Nami ndipo nilipofanya kosa, na nalisema wazi kwa sababu nimeshakuwa mzee na aibu imepungua makali. Niliandika safari za watu kama zangu. Abiria akinisimulia Bukoba dirishani, jioni nimeshafika Bukoba. Akinisimulia Mtwara, nami nimekula korosho Mtwara. Rehema alijua. Alikuwa ananiangalia kwa jicho la pembeni, anabonyeza tu. "Leo umefika wapi, baba wa safari?" ananitania. "Viatu vyako mbona havina vumbi?"

Humo Kijiweni kulikuwa na mzee mmoja akijiita Babu Stesheni. Alistaafu reli, anakaa Itigi. Alikuwa anaandika polepole, maneno machache, na kila mara ananiita kijana wangu. Siku moja niliandika kwamba nilipita kwa treni kwenye stesheni ndogo iliyo mbele ya Itigi ukielekea Tabora, nikaona kijumba cha mtumishi wa reli kina mlango wa bluu. Habari hiyo nilipewa na mama mmoja mwenye kikapu cha karanga. Alinisimulia kijumba, hilo nina hakika. Bluu sasa, mwanangu, ndiyo inayonisumbua. Sijui kama aliitaja yeye au niliitia mimi ili hadithi ipendeze. Nimejaribu kukumbuka miaka yote hii. Nafumba macho, namwona yule mama, naona kikapu, mdomo wake unatembea, lakini neno la bluu silisikii likitoka.

Babu Stesheni akajibu siku ileile. Mlango ule aliupaka rangi hiyo yeye mwenyewe alipomleta mkewe pale wakiwa wamefunga ndoa juzi. Mkewe alishafariki. Alidhani kijumba kimeanguka siku nyingi. Akaniandikia, "Kijana wangu, umenirudishia kitu." Nilipaswa kusema palepale. Sikusema. Nilitabasamu kama mpumbavu nikaenda kuuza kuku.

Ndipo sasa yakaja ya kufungwa. Mwenye Kijiwe, kijana wa Dar tuliyemjua kwa jina la Dereva, akaandika kwamba watu wamepungua, wengi wamehamia kwenye simu zao, naye amechoka kukitunza peke yake. Ijumaa saa sita mchana anakizima. Anayetaka kuaga aage.

Weee! Walirudi hata waliopotea miaka. Mmoja anaaga kutoka Songea, mwingine kutoka Ulaya huko, wanakumbushana basi lililozama tope wakalala porini na mbuzi. Na mimi kila siku nipo dukani kwa Rehema, namjibu mmoja mmoja. Nenda salama. Wasalimie wa nyumbani. Asante kwa kupita kwetu.

Alhamisi Rehema akaniuliza, "Na wewe unaaga lini?"

"Mimi mwenyeji. Mwenyeji anaondokaje wageni wakiwa bado wamekaa?"

Usicheke. Kwetu ndivyo tulivyolelewa. Mgeni akitoka, unamsindikiza. Unatembea naye, mnaongea, mpaka mfike njia panda na yeye mwenyewe aseme, "Hapa panatosha, rudi." Ukigeuza mgongo kabla yake, umemfukuza. Mimi nikaipeleka desturi hiyo kwenye kompyuta. Nikasema nitawasindikiza wote mpaka wa mwisho, kisha nitaaga. Sikujiuliza humo njia panda iko wapi, wala nani ataniambia panatosha.

Alhamisi hiyohiyo Babu Stesheni akaandika. Rehema akanisomea. Mzee alikuwa anahamia Dodoma kwa binti yake, mguu umeshakuwa mbaya. Lakini kwanza, Jumamosi, atapanda treni kwenda kuuona mlango wa bluu. "Nisingethubutu," aliandika, "ila Mwenyeji aliuona kwa macho yake. Mwenyeji, mlango bado unafungika vizuri? Nijibu kabla hatujafungiwa."

Rehema akaondoa mikono kwenye vibonyezo. Akanigeukia. "Kaka, huyu mzee ana mguu mbovu."

"Nimesikia."

"Nimwandikie pembeni, wewe na yeye tu?"

"Ngoja wote waishe kuaga. Nitamjibu pamoja na kuaga kwangu."

"Unamsubiri nani?"

Sasa nikwambie ukweli ambao sikumwambia hata Rehema. Desturi ilikuwapo, ndiyo, lakini nilijificha nyuma yake. Niliona heri niitwe mwenye adabu kuliko niitwe mwongo.

Ijumaa nikafika mapema kidogo, na beseni langu. Watu walikuwa bado wanaaga. Nikawa nawajibu, nenda salama, nenda salama, na mwingine tena anaingia. Kila nikitaka kuanza maneno yangu, anatokea mmoja. Rehema akasema, "Kaka, saa." Nikasema, "Huyu mmoja tu." Akabonyeza. Ukurasa ukawa mweupe.

"Rudisha," nikamwambia.

"Haurudi. Dereva amezima."

"Wako wapi?"

"Nani?"

"Watu, Rehema!"

Akanitazama kwa huruma. "Wako makwao, kaka. Walikuwa makwao siku zote."

Nililishangaa neno hilo na bado nalishangaa. Miaka tisa nimeishi na watu, na walikuwa makwao. Na maneno yao je? Yale ya mbuzi na tope? Nilimuuliza Rehema yanakaa wapi sasa. Akasema hajui, labda kwenye mashine fulani mahali fulani. Paka akaondoka na paja la kuku.

Mchana uleule nilimwachia Rehema beseni, nikapanda basi la Manyoni. Nikalala kwa binamu yangu, na asubuhi nikavuka Manyoni kwa mara ya kwanza katika maisha yangu. Ungedhani nilifurahi. Sikuona hata mti mmoja. Nilikuwa napanga maneno, yanapangika, yanapanguka.

Itigi nilifika jua limeshachomoza vizuri, treni bado haijapita. Kwenye benchi la stesheni alikaa mzee mwembamba, fimbo katikati ya magoti, koti amefunga vifungo vyote kama anakwenda kanisani. Jina lake la kweli sikulijua, lakini ningemtambua hata sokoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unatafuta nani?"

"Mimi ndiye Mwenyeji."

Akainuka kwa tabu, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Kijana wangu! Kumbe una sura!" Akacheka mpaka akakohoa. "Umekuja kunisindikiza?"

Nikamwambia. Nilisema vibaya, nikaanzia mwisho nikarudi katikati, lakini nilisema. Kwamba sijawahi kupanda treni. Kwamba mlango sikuuona. Kwamba bluu sijui imetoka wapi. Mikono yake ikaachia wangu. Akakaa. Alitazama reli muda mrefu, na mimi nilisimama kama mtoto aliyevunja chungu.

"Bukoba je?" akauliza.

"Hapana, mzee."

"Mtwara?"

"Hapana."

"Ulikuwa na nafasi tangu Alhamisi ya kuniambia, kijana wangu, unawapungia watu mkono tu. Mimi nimekuuliza swali na wewe unamsindikiza mtu wa Songea." Hakupaza sauti. Angepaza ingekuwa nafuu. "Ningekufa Dodoma huko, je? Ungemwambia nani?"

Treni ikasikika kwa mbali. Akajisukuma juu kwa fimbo.

"Mzee, bado unakwenda?"

"Nyumba ipo au haipo?"

"Sijui."

"Mimi pia sijui. Beba huo mkoba, twende."

Basi nikapanda treni. Treni haikuwa inasimama tena kwenye ile stesheni yake ndogo, kwa hiyo alinikalisha dirishani, akaegemea bega langu, akawa ananihesabia makalvati, yale madaraja madogo ya maji chini ya reli. "Bado. Bado. Sasa! Tazama!" Vichaka vikafunguka kidogo. Niliona kipande cha ukuta. Niliona kitu ukutani, labda mlango, labda nguo iliyoanikwa, labda kivuli. Vichaka vikajifunga.

Mzee alikuwa analia na kutabasamu kwa pamoja. "Umeuona? Wa bluu, sivyo?"

Mwanangu, hapo ndipo ilikuwa rahisi sana kusema ndiyo. Ulimi ulikuwa umeshainuka.

"Sikuona vizuri, mzee. Niliona ukuta. Kuhusu mlango, sijui."

Akafuta macho kwa mkono wa koti. "Haya," akasema. "Leo sasa umesafiri."

Tulishuka mbele, na tukarudi Itigi kwa treni iliyopishana na ile. Ilipofika siku yake ya kwenda Dodoma, nilikuwa bado nipo, namfungia mizigo. Akakaa dirishani mwa treni, nami nikasimama chini, nikingoja kama nilivyozoea.

"Aga," akaniambia.

"Wewe kwanza, mzee. Wewe ndiye unayeondoka."

"Aga, nakwambia! Unataka tena uzimiwe?"

Nikaaga. Nilisema kwaheri, nikamwomba msamaha tena, nikamshukuru kwa miaka tisa, yote hayo injini ikiunguruma. Hata haikumaliza kuondoka nilikuwa nimeshamaliza. Sikumwona tena.

Kwa hiyo mwanangu, wewe ambaye kila siku unaingia na kutoka kwenye magrupu ya simu, mimi sielewi hata sasa mahali kama pale ni nini, wala watu wasio na sura ni watu wa namna gani. Labda wewe unaelewa zaidi yangu. Ninachojua ni hiki kimoja. Kama una neno la mtu, mpe akiwa bado anasoma. Usijifiche nyuma ya adabu, usiseme ngoja wote wapite, maana hakuna atakayekuambia panatosha. La kukiri litangulie, kwaheri ifuate, na kama hukuona mlango, sema hukuuona.

Mungu akupe safari ndefu na viatu vyenye vumbi la kweli. Akupe watu wa kukupokea unakofika na muda wa kuwaaga unakotoka. Na ukipita Singida, shuka kidogo, ulizia mzee wa kuku Unyambwa. Nitakuchagulia wa mbavu.