Nilinunua hard disk za OEM zisizo na boksi, nikaonekana mwizi wa mali ya shule Msambweni

Wakuu, hamjambo nyote humu jukwaani.

Tangu juzi naona vijana wanabishana kuhusu OEM na retail, wengine mpaka wanatukanana. Nikaona nitoe yaliyonipata mimi mwenyewe. Sijaongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimeyabadilisha, kwa sababu baadhi ya wahusika bado tunakutana sokoni.

Uzi ni mrefu kidogo. Kaeni vizuri.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, sina kazi, nakaa kwa mama kwenye shamba letu la settlement huko Shimba Hills. Sisi ni Wakamba, wazazi wetu walikuja Kwale walipopewa mashamba. Mama alikuwa anauza mboga soko la Kombani.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa wasiwasi. Nikitoka nyumbani hurudi mara mbili kuangalia kama nimefunga mlango. Hata uzi huu nimeusoma mara sita kabla ya kuuweka.

Sasa, upande wa Msambweni kulikuwa na shule moja ya sekondari. Mwalimu mkuu alikuwa Bi Mwanamisi, mama mpole, lakini akisema amesema. Wazazi walikuwa wamechanga msimu mzima ili shule ipate kompyuta yake ya kwanza. Wengine walileta nazi, wengine magunia ya korosho, yakauzwa.

Bi Mwanamisi alisikia kwamba mtoto wa mama mboga wa Kombani amesomea kompyuta, akaniita.

"Mwanangu, ukanunue, uiunganishe. Ikifanya kazi mbele ya wazazi Jumamosi ya mkutano, wewe ndiwe utakayewafundisha watoto. Kamati imekubali."

Kazi, wakuu! Nilirudi nyumbani nikiwa sisikii njaa.

Nikaenda Mombasa. Maduka mawili ya kwanza walitaka kuniuzia mashine moja iliyokamilika, vitu vyote retail, na spika, na modemu. Modemu ya nini, na shule haina laini ya simu?

Duka la tatu likanionyesha njia nyingine. Kwa wasiojua, retail ni kile kifaa kinachouzwa kwa mtu wa kawaida: boksi zuri, kitabu cha maelezo, nyaya, skrubu, waranti ndefu. OEM ni kifaa kile kile kutoka kiwanda kile kile, ila kimetengwa kwa ajili ya makampuni yanayounda kompyuta kwa wingi. Kinakuja kwenye mfuko wa plastiki wa rangi ya fedha, basi. Hakuna boksi, hakuna kitabu, na waranti ni ya yule aliyekuuzia.

Nilikaa kwenye ngazi za lile duka na kalamu muda mrefu mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa.

Mwisho nikaamua hivi. Processor nichukue retail, kwa sababu ndani ya boksi kuna feni yake, na joto la pwani mnalijua. Motherboard retail, kwa ajili ya kitabu. Lakini hard disk, RAM na CD drive nichukue OEM.

Nilipojumlisha, sikuamini. Kwa ile bajeti ya mashine moja niliweza kuunda mbili. MBILI. Moja yenye CD drive na moja bila.

Nikajiona jemadari.

Vitu vikaingia stoo ya shule Jumatano. Alhamisi asubuhi nikaenda kuanza kuunganisha, nikafungua kabati, nikalifunga, nikalifungua tena.

Mtunza stoo, Bwana Hamisi, alikuwa amevipaka rangi.

Nyote mliosoma shule zetu mnaujua utaratibu huu. Kiti kikiingia kinapakwa herufi za shule. Jembe, sufuria, hata mpira. Mali ya shule haiingii stoo bila alama. Basi vile vyenye boksi, Bwana Hamisi alipaka boksi. Visivyo na boksi, akapaka kitu chenyewe. Rangi ya mafuta, nyeupe, herufi nene juu ya stika za hard disk.

"Bwana Hamisi, hii umeipaka kwa nini?"

"Sasa nipake wapi, na hakina nguo? Na vile vijiti vyako vimenisumbua." Alikuwa anazungumzia RAM. "Nimekosa pa kuandika, nikavitia kwenye bahasha nikaandika bahasha."

Nikamshukuru kwa ile bahasha. Kwa kweli nilimshukuru.

Nikaanza kazi. Mashine ya kwanza, ile isiyo na CD, ikawaka mara moja, walimu wakapiga makofi. Mashine ya pili nikaunganisha hard disk na CD drive kwenye waya mmoja, kwa sababu CD drive ya OEM haikuja na waya wake na boksi la motherboard lilikuwa na mmoja tu. Nikabonyeza.

Haikuiona disk. Skrini nyeusi, maandishi mawili, kimya.

Nikatoa CD drive, ikawaka. Nikairudisha, ikakataa.

Na hapo hapo akaingia Mzee Mwachiti, mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Huyu alikuwa amefanya kazi miaka mingi stoo ya hoteli kule Galu, kupokea mali ndiyo ilikuwa kazi yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba." Akatazama meza. Akahesabu maboksi kwa kidole. "Hizi zina maboksi. Hizo je?"

"Hizo ni OEM, mzee. Huja hivyo hivyo kutoka kiwandani."

"Huja hivyo hivyo." Akamgeukia Bi Mwanamisi, aliyekuwa amesimama na walimu. "Mwalimu, mimi Galu sikupokea hata kijiko kipya kisicho na boksi. Wazungu wakileta birika, lina boksi na lile boksi lina boksi. Kitu kisicho na boksi ni mtumba. Na mtumba wenyewe umeshakufa, huu hapa."

"Mzee, si kufa, ni..."

"Kijana, sijakutukana. Nasema ninachokiona. Wazazi walichangia vitu vipya. Maboksi yako wapi, na pesa ya tofauti kati ya vitu vipya na mitumba iko wapi?"

Nilijaribu kueleza kwamba ile tofauti ndiyo mashine ya pili. Nikieleza jambo nikiwa na hofu, hata mimi mwenyewe huwa sijiamini.

Mzee Mwachiti akatoa uamuzi. Mlango wa stoo ufungwe, ufunguo akae nao Bwana Hamisi. Hakitoki kitu, hakiingii kitu mpaka Jumamosi, nisije nikabadilisha vifaa. Wazazi waone wenyewe. Risiti inasema CD drive mpya, basi ifanye kazi mbele yao.

Kwa hiyo hata kwenda Mombasa kununua waya wa pili, ili kila kifaa kiwe na wake, nilikatazwa.

Wakuu, kukosa kazi ningevumilia. Lakini mtoto wa watu wa bara kula korosho za wazazi wa Msambweni? Habari hiyo ingefika Kombani kabla yangu. Nani angenunua mboga za mama?

Ijumaa nikaja mapema. Bwana Hamisi alinifungulia, akakaa mlangoni kwenye kigoda akinitazama kama askari. Niliwaza mambo kumi kwa wakati mmoja. Nimeiunguza? Ni umeme? Ni rangi? Ni laana? Nikachukua karatasi, nikajilazimisha kuandika ninayoyajua kwa hakika tu.

Yalikuwa matatu. Disk ikiwa peke yake inafanya kazi. CD drive inapata umeme, kijitrei kinatoka na kurudi. Zikikaa pamoja, disk inapotea.

Basi hakuna kilichokufa. Zimeshindwa kukaa pamoja.

Nyuma ya hard disk za wakati ule kulikuwa na pini ndogo, na kipande cha plastiki cha kuzibia pini mbili, tukikiita jumper. Hicho ndicho kinachoiambia disk kama iko peke yake kwenye waya au ina mwenzake. Ukinunua retail, kitabu kinakuonyesha pa kukiweka. Ukinunua OEM, mchoro uko sehemu moja tu.

Kwenye stika. Chini ya rangi ya Bwana Hamisi.

Kukisia niliogopa, disk ikiungua nimekwisha. Kukwangua rangi niliogopa zaidi, kwa sababu ningeng'oa na stika yenyewe, na waranti ya duka ilikuwa hapo hapo.

Ikafika saa sita na nusu. Bwana Hamisi akatazama jua.

"Mimi naenda msikitini. Nikufungie ndani?"

"Nifungie tu."

Akafunga kweli!

Nikabaki peke yangu na mashine mbili. Nikaitazama ile disk iliyopakwa. Herufi zilikuwa zimefunika nusu ya juu ya mchoro, nusu ya chini ikaonekana. Nikajiuliza, je, ile nyingine?

Disk zote mbili zilikuwa aina moja. Ila ile nyingine ilikuwa ndani ya mashine ya kwanza, ile iliyokubali, ndiyo utetezi wangu pekee. Kuifungua ilikuwa kama kumtoa shahidi wangu mahakamani kwa hiari. Ikikataa kurudi, Jumamosi nitasimama na mashine mbili zilizokufa.

Nilishika bisibisi, nikaiweka. Nikaishika, nikaiweka. Nilifanya hivyo mara nne.

Ya tano nikafungua.

Bwana Hamisi hakuwa fundi wa herufi. Ile ya kwanza aliandika juu. Hii ya pili, mkono ulimteleza, aliandika chini. Nusu ya juu ya mchoro ilikuwa safi, inang'aa!

Nikazilaza ubavu kwa ubavu, nikachora nusu hii na nusu ile kwenye karatasi moja. Mchoro mzima ukatokea: disk ikiwa peke yake, jumper hapa; ikiwa na mwenzake, jumper ihamie kule.

Kumbe yangu ilikuwa imetoka kiwandani imepangwa kukaa peke yake. Nikahamisha jumper kwa kucha. Nikaweka CD ya elimu ya mimea niliyoazima chuo, iliyoingia stoo pamoja na vifaa. Nikabonyeza, nikafumba macho.

Nilisikia CD ikizunguka kabla sijayafumbua.

Bwana Hamisi aliporudi alikuta mashine zote mbili zinawaka na mimi nacheka peke yangu. Akarudi nyuma hatua moja.

Jumamosi wazazi walijaa. Mzee Mwachiti akasema kwa sauti, "Haya kijana, tuonyeshe mitumba yako."

Nikaonyesha. Ua likafunguka kwenye skrini, petali moja moja, na sauti ya mtu ikieleza kutoka kwenye spika ndogo aliyonipa mwalimu wa Fizikia. Mama mmoja wa Ramisi akapiga kigelegele. Kisha nikawaambia, kwa ule mchango wenu wa mashine moja, nimewaletea mbili, na risiti hii hapa, kila namba ya kifaa isomwe.

Mzee Mwachiti akavaa miwani, akasoma namba moja moja akilinganisha na zile zilizoonekana kwenye stika. Ilichukua muda.

Akavua miwani. "Katibu, andika. Mwenyekiti alisema ni mitumba. Mwenyekiti amekosea. Andika hivyo hivyo, usilainishe."

Kisha akanipa mkono mbele ya wote. "Mwalimu, watoto unaanza nao Jumatatu?"

Nikaanza nao Jumatatu. Nilifundisha pale miaka sita.

Nilichojifunza, wakuu: OEM si feki na si mtumba. Lakini unapolipia retail hulipii boksi tu, unalipia maelezo na nyaya. Kwa hiyo kabla ya kuchukua OEM jiulize, ninajua kukifunga bila kusomewa? Kama hujui, nakili kila kitu kilichoandikwa kwenye stika pale pale dukani, na uulize waya. Processor mimi mpaka leo nachukua ya boksi, kwa sababu ya feni.

Na kama unanunua kwa niaba ya watu, waeleze OEM ni nini KABLA ya kununua. Hilo ndilo kosa langu, si la Mzee Mwachiti. Yeye alilinda korosho za watu.

Haya, nawaachia uwanja. Nani amewahi kununua kifaa bila boksi, na nyumbani au kazini walikupokea vipi? Wa retail tupu pia karibuni, ila matusi muache nje.