Viatu vya soli nyembamba, msumari wa Keko na mguu wangu wa kulia

Wakuu, heshima kwenu, na wakubwa zangu shikamooni.

Haya yamenipata mie mwenyewe. Mke wangu yupo hapa pembeni anasoma kabla sijatuma, kwa hiyo nikiongeza chumvi atanikata.

Nipo Temeke, nauza vitasa, bawaba na misumari. Umri arobaini na nane. Kisukari ninacho mwaka wa sita sasa, natumia vidonge.

Kliniki daktari aliniambia, "Baba, tembea. Nusu saa kila siku."

Mie nikitajiwa namba lazima nibishane nayo. Hii nikaibishia kwa kuongeza, nikaanza kutembea saa nzima.

Natoka dukani saa tisa alasiri, mke wangu anashika duka. Naelekea Keko kwa mafundi wa makochi, ambao nusu yao ni wateja wangu, naswali Alasiri msikiti wa huko, narudi. Simu inahesabu hatua, ila siiamini, kwa hiyo nahesabu na mie kwa tasbihi, punje moja kila hatua mia. Simu ikisema elfu saba, mie ninazo elfu sita na mia nane. Hizo mia mbili sijui inampelekea nani.

Sasa ishu ya viatu.

Nilipeleka vitasa kwenye nyumba moja Msasani. Mama mwenye nyumba ametoka kutembea, mguuni ana kitu kama soksi yenye soli. Nikamuuliza, akasema vinaitwa barefoot. Soli nyembamba, kisigino hakuna, mbele pana ili vidole vijiachie.

"Unaisikia ardhi, kaka," akasema. "Wiki ya kwanza kila kokoto utaijua kwa jina."

Maneno yale yalinikaa. Kesho yake nikaingia mitumba Tandika, nikavipata, saizi yangu kabisa. Nikakikunja kimoja, kikakunjika kama chapati.

"Elfu arobaini, mzee wangu," muuzaji akasema.

"Soli iko wapi? Hapa unaniuzia sehemu ya juu tu."

"Hiyo ndiyo teknolojia yenyewe, mzee."

"Basi punguza bei ya teknolojia."

Tukamalizana elfu kumi na nane.

Wakuu, nisiseme uongo, vile viatu ni vitamu. Goti la kushoto lililokuwa linanisumbua likatulia. Nikawa natembea mgongo umenyooka kama nimeajiriwa upya.

Ila zile kokoto nilizoahidiwa kujuana nazo, sikuona hata moja. Nikapita kwenye kifusi, kwenye changarawe, kimya.

Keko kuna fundi wa makochi, rafiki yangu, akaomba avijaribu. Akapiga hatua nne kwenye changarawe, ya tano akaruka kama kakanyaga kaa la moto.

"Mzee wa vitasa, wewe huumii?"

"Nyayo zako laini," nikamwambia. "Umezoea kujilaza kwenye makochi ya watu."

Mafundi wakacheka, na mie nikaondoka kifua mbele. Wiki tatu nzima nilijisifu kwamba nina nyayo ngumu.

Wiki ya nne, siku ya Jumanne, nikafika msikitini kama kawaida. Kwenye mabomba, navua kiatu cha kulia, kikagoma. Nikadhani jasho. Nikavuta kwa nguvu, kikatoka.

Mnaojua udhu, miguu inaoshwa mwisho, mara tatu tatu. Mara ya kwanza maji yakapita mekundu. Nikaosha mara ya pili. Mekundu.

Mzee aliyekaa bomba la jirani akasema taratibu, "Sheikh, hiyo damu ni yako."

"Si yangu, mzee wangu. Mie siumwi popote."

Nilimbishia kweli kabisa. Hata kuangalia sikuangalia.

"Geuza unyayo," akasema.

Nikageuza. Chini ya kidole cha pili, kinachofuata kile kikubwa, kuna tundu, na damu inatoka. Nikakichukua kiatu, nikaingiza mkono. Ncha ya msumari imesimama ndani. Ule msumari mfupi wa makochi, wenye kichwa kipana. Ninauuza, urefu wake naujua kwa kichwa.

Nikabonyeza lile tundu kwa dole gumba. Nikabonyeza tena.

Hakuna kitu. Ni kama nabonyeza mguu wa mtu mwingine.

Hapo ndipo jasho liliponitoka. Sikujua nimetembea na ule msumari kutoka wapi. Huenda hatua mia, huenda elfu mbili.

Mtu mwenye akili angetoka pale moja kwa moja hospitali. Mie nikanunua spiriti na bandeji, nikajiambia kitu kisichouma hakiwezi kuwa kikubwa. Nikakipa siku tatu.

Siku ya nne mke wangu akasimama mlangoni.

"Baba Salma, ni nini kinanuka?"

"Labda panya kafia dukani."

"Duka liko mbali. Lete mguu."

Akafungua bandeji. Akaenda moja kwa moja kuchukua kadi ya kliniki.

Hospitali daktari kijana akaugusa mguu, akachukua kalamu ya wino, akachora mstari kuuzunguka mguu, mbele ya pale wekundu ulipoishia, chini kidogo ya kifundo.

"Tunasafisha kidonda na tunakuwekea dawa ya mshipa. Wekundu ukiuvuka huu mstari, mzee, itabidi tuzungumzie kukata. Na siongelei kidole."

"Dokta, tuanze na kidole kwanza, tuone."

"Hapa hatupatani bei, mzee."

Ilikuwa saa mbili asubuhi. Dripu inadondoka, macho yangu kwenye mstari. Kati ya wekundu na mstari palikuwa na upana wa vidole viwili. Saa nne vidole viwili kasoro. Saa sita kidole kimoja. Nikapima tena, kimoja. Mke wangu akaushika mkono wangu akauweka pembeni.

"Acha kupimapima. Kwani ukipima ndiyo wekundu utarudi nyuma?"

Mchana ule akaja nesi, mama wa makamo, ameshika kinyuzi kigumu cha plastiki.

"Baba, fumba macho. Nitakugusa nyayo sehemu kumi. Ukisikia, sema ndiyo."

Nikafumba. Nikasubiri. Nikaona bora nisionekane mbaya sana, nikasema, "Ndiyo."

"Sijaanza bado, baba."

Mke wangu alicheka kidogo, halafu nikasikia anavuta kamasi.

Kati ya kumi nilisikia mbili.

Nesi akanieleza kwa upole kwamba sukari ilikuwa inaua mishipa ya fahamu ya nyayo muda mrefu, nami nilikuwa sijui. Nilichokuwa nakiita ugumu kilikuwa ganzi.

Saa kumi jioni wekundu ukagusa wino. Daktari akaja, akainama, akautazama mstari. Saa kumi na moja umegusa palepale. Magharibi palepale. Asubuhi ya pili ukawa umerudi nyuma nusu kidole, na daktari akasema sasa tunaweza kuanza kuongea vizuri.

Mguu umebaki. Kidole cha pili kimeondoka. Kidonda kilichukua wiki tisa kufunga.

Sasa msije mkavitupia viatu lawama. Kama nyayo zako nzima, vivae, utanishukuru kwa ajili ya goti. Ila vile ni vya mtu ambaye mguu wake bado unatoa taarifa. Wangu uliacha kutoa taarifa, na mie nikaona ni ushujaa.

Siku hizi natembea na soli nene, natazama njia, nakung'uta kiatu kabla ya kuvaa. Jioni mke wangu anakagua nyayo zote mbili kwa tochi, na hana haraka.

Wenye sukari humu, na nyie ambao hamjawahi kupima, nina ombi moja kabla ya kuchangia. Lala chali, fumba macho, mtu wa nyumbani kwako akuguse ncha za vidole vya miguu kwa ncha ya kidole chake, taratibu, bila mpangilio. Usibahatishe, mie nilibahatisha.

Halafu njoo uandike hapa umesikia vingapi.